Usiweke NOLOCK kwenye ripoti ya pesa, nakuomba

Mkuu, simama hapo hapo. Kabla hujaendesha hiyo skripti ya kubandika WITH (NOLOCK), yaani agizo la kusoma bila kufuli, kwenye kweri zote (maombi ya data) za mfumo wenu, soma hapa. Umeuliza mambo mawili: kama NOLOCK itaifanya optimaiza (sehemu ya kanzidata inayochagua njia ya kuipata data, yaani mpango wa utekelezaji) itengeneze mpango wa haraka zaidi kwa ripoti ya mwisho wa mwezi, na kama ROWLOCK (agizo la kufunga rekodi moja moja) kwenye UPDATE itapunguza malalamiko ya kaunta. Na kuna mtu hapo juu ameshakujibu "weka tu, haina madhara". Na mimi niliambiwa hivyo hivyo.

NOLOCK haiusaidii mpango. Optimaiza ya SQL Server, kanzidata ya Microsoft, inapima gharama kwa takwimu za jedwali: inakadiria rekodi ngapi zitatoka, diski itasomwa kiasi gani, prosesa itafanya kazi kiasi gani. Foleni ya watu wanaosubiri kufuli (kizuizi cha kutogusa data ambayo mwingine anaitumia) haimo kabisa kwenye hesabu hiyo. Kweri inayosoma jedwali zima bila NOLOCK italisoma zima hata ukiiweka. Nadhani kinachowachanganya watu ni mabano. INDEX na FORCESEEK, maagizo ya kulazimisha njia fulani ya kutafuta data, nazo zinakaa mle mle ndani ya WITH, na hizo kweli zinaifunga optimaiza mikono. NOLOCK imekaa jirani nazo, basi watu wanadhani kazi ni moja. Kumbe inachofanya ni kuiambia injini isome bila kuomba kufuli ya kusoma, na ipite juu ya kufuli ya anayeandika kana kwamba hayupo.

Sasa nikueleze ilivyonikuta. Nilikuwa natunza mfumo wa SACCOS moja. Ripoti ya akiba ilikuwa inachukua dakika nne. Mara ikwame nyuma ya makeshia, mara makeshia wakwame nyuma yake, na mwanachama amesimama dirishani na pesa mkononi. Kampuni iliyotuuzia mfumo ikaleta mtaalamu wake. Akakaa kwenye kiti changu, akabandika NOLOCK kila jedwali, akasema ndivyo wanavyofanya kwa wateja wote, akanywa chai akaondoka. Mpango wa utekelezaji hakuufungua hata mara moja. Ni sawa na mganga anayegawa dawa moja kwa kila anayeingia mlangoni, mwenye jino na mwenye mimba.

Ripoti ikashuka hadi dakika mbili na nusu. Nikaamini optimaiza imepata njia bora. Nilipokuja kulinganisha baadaye, mpango ulikuwa ule ule hadi mshale wa mwisho. Kilichopungua ni kusubiri tu.

Tarehe 31 Desemba tukaendesha ile ripoti ili tukokotoe riba ya akiba, huku makeshia wakiendelea kuingiza marejesho ya siku ya mwisho. Riba ikalipwa. Wiki ya pili ya Januari akaja mama mmoja, mwalimu mstaafu, na kitabu chake. Amelipwa pungufu. Nikafungua mfumo: akiba yake yote ipo. Nikachukua karatasi zilizochapwa siku ile: amana yake ya Novemba haipo. Hapo jasho likaanza. Nikapitia karatasi moja moja. Stakabadhi ya 350,000 ya mwanachama mwingine ilikuwa kwenye karatasi ya 7, halafu ikawepo tena kwenye karatasi ya 52. Nikazibandika zote mbili kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine, nikaangalia kwa mwanga. Namba ile ile, tarehe ile ile, senti zile zile. Na namba ya stakabadhi kanzidata yenyewe inakataa ijirudie!

Ufafanuzi wake nimeujua kwa machungu. Jedwali letu lilipangwa kwa ufunguo wa GUID (namba ndefu ya utambulisho), unaotoka ovyo ovyo, kwa hiyo rekodi mpya haiendi mwisho, inatumbukia katikati. Ukurasa (kipande cha faili kinachobeba rekodi) uliojaa ukipata rekodi mpya unapasuliwa: nusu inabaki, nusu inahamishiwa ukurasa mwingine. Ukiweka NOLOCK kwenye usomaji wa jedwali zima, na mpango hauhitaji rekodi zitoke kwa mpangilio, injini ina ruhusa ya kufuata kurasa kwa jinsi zilivyogawiwa kwenye faili badala ya kufuata ufunguo. Nusu iliyohama ikiangukia mbele ya msomaji, anaisoma mara ya pili. Ikiangukia nyuma yake, haioni kabisa. Amana ya yule mama ilikuwa imehamia nyuma. Hakuna kosa lililotokea kwenye skrini, hakuna onyo. Mara chache sana utabahatika kupata kosa namba 601, kwamba usomaji umeshindwa kuendelea kwa sababu data imehama, nawe utaona ni usumbufu na kuiendesha upya. Juu ya hayo kulikuwa na marejesho matatu ambayo keshia aliyaingiza, muamala ukashindwa, ukarudishwa nyuma. Ripoti ilikuwa imeshayasoma. Tulilipa riba ya pesa ambayo haikuwahi kuingia.

Siku kumi na moja nilikuwa napiga simu. Waliopunjwa tuliwaongezea. Waliozidishiwa, wengine walirudisha, wengine hawapokei simu yangu mpaka leo. Bodi ilinikalisha kikao mara mbili. Yule mtaalamu nilipompigia akaniambia kwa utulivu kabisa, "Hiyo inajulikana." Inajulikana! Mbona hukuitamka ulipokuwa umekalia kiti changu? Bado ninaumia nikiandika hapa.

Na ripoti yenyewe iliponeshwa na nini? Kwenye WHERE (sehemu ya kweri inayochuja rekodi) kulikuwa na YEAR(tarehe) na MONTH(tarehe). Ukiifunika safu kwa namna hiyo, indeksi ya tarehe (orodha iliyopangwa ya kutafutia) haiwezi kutumika kuruka moja kwa moja hadi mwezi unaoutaka, lazima isomwe yote. Nikaandika tarehe >= mwanzo wa mwezi na tarehe < mwanzo wa mwezi unaofuata, nikaongeza kwenye indeksi safu mbili zilizokuwa zinatafutwa. Sekunde mbili.

Watu wanahangaika kufuli zinaathiri vipi mpango, wakati mpango ndio unaoamua kufuli ngapi zitashikwa. Kauli moja ikishika kufuli zinazokaribia 5,000 kwenye jedwali moja, injini inajaribu kuzibadilisha ziwe kufuli moja ya jedwali zima, na hapo kaunta yote inasimama. Ukigusa rekodi chache, ugomvi mwingi unaisha wenyewe, hata bila hiyo ROWLOCK uliyoiuliza. Kwa hiyo mpango kwanza, hinti (maagizo kama NOLOCK na ROWLOCK) baadaye, na NOLOCK isiguse kamwe namba itakayogeuka kuwa pesa ya mtu.

Kama bado wasomaji na waandishi wanazuiana baada ya hapo, washa READ_COMMITTED_SNAPSHOT. Ipo tangu toleo la 2005. Msomaji anapewa nakala ya mwisho iliyothibitishwa, hamsubiri mwandishi na hasomi uchafu. Inadai nafasi kwenye tempdb (kanzidata ya muda ya SQL Server) na baiti 14 kwa rekodi inayobadilishwa, na wakati wa kuiwasha kusiwe na mtu mwingine ndani ya kanzidata hiyo, kwa hiyo ifanye usiku. Angalia pia: kila kauli inaona picha yake. Ripoti yenye SELECT tano bado inaweza kutofautiana yenyewe kwa yenyewe, hiyo ihamishie kwenye SNAPSHOT kamili, ambapo muamala mzima unaona picha moja. Na palipo na kusoma salio kisha kutoa pesa, weka UPDLOCK (kufuli ya anayekusudia kubadilisha) kwenye kusoma, la sivyo wawili watatoa salio moja.

Umesema mnafunga mwezi Ijumaa. Washa mpango halisi wa utekelezaji, endesha ile ripoti bila NOLOCK, tafuta mshale mnene kuliko yote, piga picha uiweke hapa pamoja na WHERE yako. Nipo macho mpaka saa tano usiku.