Usimrushe darasa kwa sababu anasoma vibao vya daladala

Mleta uzi, usikubali mwanao wa miaka minne aingizwe darasa la kwanza Januari eti kwa kuwa anasoma vibao vya daladala na kuhesabu hadi 100. Umeuliza dalili za kipawa ni zipi na shule ipi inafaa, lakini mwenye shule amekwisha kukuamulia. Maneno hayo hayo tuliambiwa sisi kuhusu binti yetu, hapa hapa Tabata, Dar es Salaam.

Binti alisoma "Gongo la Mboto" na "Mbagala Rangi Tatu" bila kufundishwa na mtu. Mwalimu mkuu wa shule moja ya binafsi akatueleza kwamba chekechea ingemdumaza, akamweka na watoto wa miaka sita na saba. Hakumwomba asimulie kwa maneno yake alichokisoma, wala hakutazama anavyoshika penseli. Wenzake walipomaliza kunakili ubaoni, yeye alikuwa bado mstari wa pili, akaitwa mvivu mbele ya darasa zima. Kufikia muhula wa pili alikuwa akiumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi, na maswali yalikuwa yamekwisha, yeye ambaye zamani hakutupa usingizi akitaka kujua kwa nini bahari ya Kigamboni hujaa na kupwa. Tulipomrudia yule mwalimu alisema mtoto "ameishiwa". Akili ya mtoto si vocha ya simu! Alichoishiwa ni ujasiri, na waliommalizia ni watu wazima waliolipwa ada ili wamlee.

Watoto hawa hawakui sawasawa: fikra hutangulia, mkono na hisia hubaki na umri wao. Leta Hollingworth, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefariki mwaka 1939, aliliandika hilo baada ya kuwafuatilia watoto wenye akili nyingi mno. Wapo wanaofaidika kwa kurushwa darasa, lakini ni wale waliochunguzwa kwa ukamilifu, si kwa kusoma peke yake. Tena wapo wanaosoma mapema sana bila kuelewa wanachokisoma, na hao huhitaji kuonwa na mtaalamu.

Kwa hiyo sikiliza anachouliza kuliko anachokariri. Je, jibu lako huzaa swali jingine? Je, alichojifunza jikoni hukitumia uwanjani bila kuambiwa? Je, hukaa muda mrefu na jambo alilolichagua mwenyewe?

Anayekutisha kwamba atakosa nafasi Ilboru au Kibaha, shule za sekondari za vipaji maalumu, anakudanganya, maana huko huingia watoto waliofaulu mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, na hakuna anayeulizwa alianza kusoma akiwa na miaka mingapi.

Ukirudi kwa mwenye shule, mwambie ampe mwanao hadithi asiyoijua, aisome, aisimulie, kisha aandike sentensi mbili, halafu amtazame akicheza na watoto wa darasa hilo wakati wa mapumziko. Akikataa, mwache mtoto chekechea.