Shangazi, niache kazi nikachore?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 33, karani wa hesabu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mwaka wa tisa sasa. Mshahara unaingia kwa wakati, bosi hana neno, lakini kila Jumapili jioni roho inaniingia giza. Ninachopenda ni kuchora, na huwa nachora nikipata nafasi. Mwezi uliopita hoteli moja iliniagiza picha kumi za twiga na machweo, elfu arobaini kila moja. Nataka niandike barua ya kuacha kazi. Mume wangu anasema huo ni utoto. Tuna watoto wawili, na mama yangu yuko Korogwe ananitegemea. Nifanyeje?*
*Karani wa Kurasini*

Marahaba, mwanangu.

Nimeitazama sana ile picha uliyoniambatanishia, ya mama anayepara samaki pale Feri. Magamba yamemrukia mpaka kwenye kope wala hana habari, jicho liko kwa mteja anayevuta bei. Aliyechora vile hachezi. Mumeo kwa hilo amekosea.

Ila na wewe hesabu zimekupiga chenga, na hesabu ndiyo kazi yako. Picha kumi ni laki nne. Toa rangi, toa mbao, toa nauli za kwenda na kurudi, halafu uniambie umebaki na nini cha kumtumia mama Korogwe. Mwezi unaofuata utatafuta hoteli nyingine, nayo itataka twiga. Katika barua yako yote sikuona mahali uliposema unapenda kuchora twiga.

Jumamosi moja nenda Oysterbay, pale Morogoro Stores, ukakae na wachoraji wa Tingatinga, ule mtindo wa wanyama wa rangi kali. Mkono wao mwepesi ajabu, mimi naweza kukaa pale mpaka jua lizame. Muulize mmoja amechora tembo wangapi mwaka huu. Atacheka. Tembo ndiye analipa ada za watoto, kwa hiyo tembo atachorwa hata siku ambayo moyo hautaki. Siwasemei, wapo wanaoifurahia kazi yao kwelikweli. Lakini usihamie huko ukidhani wao hawana Jumapili jioni.

Na huyo Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyeuanza mtindo huo mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli, alipopata ajira hospitali ya Muhimbili aliichukua. Akawa anachora nje ya saa za kazi. Alifariki mwaka 1972, na mpaka leo watu wanakula kwa jina lake.

Kinachokuua, nionavyo mimi, ni hiyo "nikipata nafasi". Mwenye watoto wawili hapati nafasi, mwanangu, anaiiba.

Anza na likizo. Sheria ya kazi inakupa siku 28 kwa mwaka, na mshahara unalipwa vilevile. Zichukue zote kwa mkupuo, na Korogwe usiende. Kila siku saa mbili asubuhi uwe umeshakaa mbele ya ubao kama unavyokaa ofisini. Chora wauza samaki wako, makuli, yeyote unayemtaka wewe, kisha uzunguke na hizo picha ukauze. Huko kuzunguka ndiko kugumu, wengi wanaokata tamaa ni huko walikochokea. Shika daftari, andika kila shilingi iliyoingia na iliyotoka. Na ujitazame wiki ya tatu: bado unakaa pale saa mbili, au umeanza kufua mapazia?

Barua ya kuacha kazi haiozi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28, utaitoa siku yoyote ukitaka. Ila ukishaitoa, ile asilimia 10 ya mshahara anayokuwekea mwajiri NSSF, akiba yako ya uzeeni, inakatika, na kama bima ya watoto inapitia ofisini, nayo hivyo hivyo. Hayo yaingize kwenye daftari.

Twiga wa hoteli wachore, fedha ni fedha. Lakini elfu arobaini ni bei ya mtu anayeomba msamaha. Anza na themanini, usishuke chini ya sitini, na nusu ulipwe kabla hujafungua kopo la rangi. Wakikataa, basi hawakuwa wateja, walikuwa wanapita.

Sasa mumeo. Usimweleze habari za ndoto, hatakuelewa na mtagombana bure. Mwambie kazi huachi kwa sasa, aone umetulia. Kisha mwombe jioni mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi tuseme, watoto na vyombo viwe vyake, na wewe mlango umefungwa. Jiandae, maana hilo atalipinga kuliko hata barua ya kuacha kazi.