Akaunti ya mjomba haitakupa viza ya Uingereza

Juzi nimepata ujumbe wa binti mmoja anayemaliza chuo hapa Dodoma. Ana ofa ya shahada ya uzamili Uingereza, ukoo umejichanga, na wakala wake amemwambia atumie akaunti ya baba yake mdogo kwa sababu "ina hela za kutosha". Akaniuliza, "Shikamoo dada, hii ni sawa kweli?" Nilimpigia palepale. Maneno hayo niliwahi kuambiwa mimi, na yalinipotezea mwaka.

Mimi nimesomeshwa na mjomba. Baba alifariki nikiwa shule ya msingi, mama alikuwa na genge tu, na ada yangu tangu kidato cha kwanza ilitoka kwenye zabibu za mjomba kule Hombolo. Nilipopata ofa ya kwenda Uingereza hakusita, aliuza kiwanja chake cha Nala na kuweka hela benki kwa jina lake. Wakala wetu wa Dar es Salaam, tuliyemlipa vizuri tu, akaiangalia ile taarifa ya benki na kusema hapa hakuna shida, tutaandika barua kwamba mjomba ndiye mlezi.

Jibu lilikuja kwa barua pepe. Hakuna aliyesema hela haipo au haitoshi. Walisema mwenye akaunti si mimi, si mzazi wangu, wala si mlezi anayetambulika kisheria. Nilimsomea mjomba kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, tukiwa tumekaa barazani. Akaniuliza, "Sasa mimi ni nani kwako?" Sikuwa na jibu la kumpa. Wakala naye alizima simu, na alipopatikana alisema hela ya huduma hairudishwi. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma, maana sheria hiyo imeandikwa wazi na kazi yake ilikuwa kuijua.

Mwaka uliofuata nilijaza maombi mwenyewe, nikaenda, nikasoma, nikahitimu na kurudi. Nasema hili kwa fahari.

Ndugu zangu, sisi tunasomeshwa na ukoo. Shangazi anatoa, kaka mkubwa anatoa, kanisa au msikiti unachangisha. Uhamiaji wa Uingereza hauutambui utaratibu huo. Unatambua akaunti yako wewe, ya mzazi wako, au ya mlezi mwenye karatasi ya kisheria, kwa mfano amri ya mahakama. Barua ya mwenyekiti wa mtaa haitoshi. Kwa hiyo michango yote iingie kwenye akaunti yako mapema. Ukitumia ya mzazi, ambatanisha cheti cha kuzaliwa na barua yake ya ridhaa.

Hela ikishaingia, isiguswe. Inatakiwa ikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na siku unapotuma maombi, tarehe ya mwisho kwenye taarifa ya benki iwe haijapitwa na siku 31. Hapa ndipo wengi wanaanguka: mtu anakopa leo, anachapisha taarifa kesho, anarudisha keshokutwa. Kiwango chenyewe ni ada ya mwaka wa kwanza ambayo hujalipa, pamoja na hela ya kujikimu ya hadi miezi 9, na London ni ghali zaidi ya kwingine. Kiangalie kwenye tovuti ya serikali yao wiki ileile unayoomba, kwa kuwa hupanda. Shilingi zako watazibadilisha kwa viwango vya OANDA, tovuti ya kubadilisha fedha, vya siku ya maombi, hivyo ukiweka kiasi kamilikamili, shilingi ikiteleza kidogo umekwisha. Mimi huwaambia wadogo zangu waongeze angalau sehemu ya kumi.

Tozo ya afya, yaani malipo ya kutumia huduma za afya za kule, ni kando na hiyo. Kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka, inalipwa yote wakati wa kuomba, na ile miezi ya ziada mwishoni mwa viza inahesabiwa pia. Familia nyingi huisahau, kisha wanachomoa kwenye zile hela za siku 28. Msifanye hivyo.

Kipimo cha kifua kikuu ni lazima kwetu kama masomo yanazidi miezi sita. Picha ya kifua ya hospitali yoyote haikubaliki, ni ya kliniki waliyoiidhinisha wao tu, na cheti kinadumu miezi 6. Kifanye kabla ya kutuma maombi. Alama za vidole ni baadaye, safari nyingine ya Dar. Siku hizi kuna treni ya SGR, safari hiyo si ya kuiogopa tena. Majina nayo yafanane kwenye NIDA, pasipoti na vyeti vya NECTA. Kama hayafanani, anza na hilo leo.

Walioolewa na waliooa nawaambia mapema: tangu Januari 2024 wanafunzi wa uzamili wa kawaida, usio wa utafiti, hawaruhusiwi kwenda na mwenzi wala watoto. Jipangeni na familia kabla ya kupokea ofa.

Sisemi mawakala wote ni wabaya. Nasema usimkabidhi mtu maisha yako. Nywila ya maombi iwe yako, na kila jibu kwenye fomu ulisome mwenyewe kabla halijatumwa, kwa sababu linasomwa kama umelisema wewe. Fomu itakuuliza kama umewahi kunyimwa viza ya nchi yoyote. Mimi niliandika ndiyo, nikaeleza sababu, nikapewa viza. Kunyimwa hakukufungii mlango, ila kudanganya kunaweza kukufungia kwa miaka 10. Wakala akikushauri ufiche, chukua pasipoti yako uondoke.