Niliponzwa na kuonja kima mbichi

Mimi napika kababu na katlesi za oda hapa Chake Chake, na kwa miaka mingi nimeonja kima, yaani nyama ya kusaga, ikiwa mbichi. Napitisha kidole kwenye beseni, naramba, najua papo hapo: chumvi bado, ndimu imezidi, thomu inatosha. Wapishi wengi wa kwetu wanafanya hivyo na hakuna anayeshangaa. Ramadhani naonja kwa ncha ya ulimi kisha natema, maana nimefunga. Ndiyo maana nina yakini kwamba yaliyonikuta hayakuanza Ramadhani. Yalianza Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, harusi zilipofumuka, kila wiki oda, kila oda kilo 10 za nyama, na mimi naonja nameza.

Ilikuwa Mfunguo Nne. Natandika kitanda asubuhi nikaona kitu kwenye shuka: cheupe, bapa, urefu wake kama ukucha wa kidole gumba, mfano wa nyama ya dafu changa iliyokwanguliwa kwa kijiko. Nikadhani ni dafu kweli, watoto hawa hula popote. Nikanyosha mkono nikiokote. Kikajikunja. Kikajinyosha. Kikasogea. Tangu siku ile dafu nanywa maji yake tu, nyama nawaachia wengine.

Niliona haya hata kwa mume wangu. Nikaenda duka la dawa nikanunua dawa ya minyoo, ile ya kidonge kimoja tunayowapa watoto, nikameza nikatulia. Baada ya siku mbili tatu vipande vikarudi. Nikamuuliza mama mkwe kwa kuzunguka, nikasingizia ni mtoto wa jirani. Akaniambia mbegu za boga. Nilitafuna kikombe kizima na vipande havikukoma. Wiki tatu zikapita hivyo, kila siku nakagua shuka kabla mtu hajaamka.

Sasa sikilizeni alichonieleza daktari, maana hapa ndipo tunapokosea wengi. Yule hakuwa mchango wa kawaida. Alikuwa tegu. Tegu wa ng'ombe ana kichwa kidogo chenye vinyonyeo vinne, ambavyo hujishikiza navyo kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Nyuma ya kichwa hufuata pingili, moja baada ya nyingine, kama utepe. Pingili zinaweza kupita 1,000, na urefu wake ukafika mita 5, pengine hata 10. Hana mdomo wala tumbo. Chakula chako unachokisaga wewe, yeye anakifyonza kwa ngozi. Pingili za mwisho ndizo zilizoiva, na moja tu inaweza kubeba mayai 100,000. Hukatika, na za tegu wa ng'ombe zina nguvu ya kutembea zenyewe, hata zikatoka nje bila ya mtu kwenda haja. Kile cha kwenye shuka kilikuwa pingili mojawapo. Mnyoo wenyewe ulikuwa umetulia ndani, na unaweza kuishi humo miaka.

Tangu mtu ameze nyama mbichi yenye tegu mchanga mpaka pingili zianze kutoka hupita kama miezi mitatu. Hesabu nikaipata mwenyewe: Mfunguo Mosi mpaka Mfunguo Nne.

Na mimi sikukonda hata kidogo. Nilinenepa! Watu wakisikia tegu humfikiria yule anayekula sinia zima akabaki mbavu tupu. Wengi hawana dalili yoyote ya maana. Tumbo husokota kidogo, kichefuchefu cha asubuhi, muwasho wa nyuma, basi. Nilidhani ni uchovu wa kazi.

Ushauri wangu wa kwanza, na kama utasahau mengine yote usisahau huu: kipande ukikiona, usikitupe kwa kinyaa. Kitie kwenye kichupa safi chenye maji kidogo, funga, nawa mikono kwa sabuni, nenda nacho. Mayai ya tegu wa ng'ombe na ya tegu wa nguruwe yanafanana kabisa kwenye darubini, na mara nyingine choo kikipimwa hayaonekani, kwa sababu pingili hutoka nzima na mayai yake ndani. Kijana wa maabara alinipokea vizuri. "Shkamoo, mama. Usione haya, umefanya la maana kukileta." Alikibana kipande katikati ya vioo viwili, akakiinua kwenye mwanga, akahesabu matawi ya mfuko wa uzazi. Yakiwa mengi, 15 hadi 20 kila upande, ni wa ng'ombe. Yakiwa machache, ni wa nguruwe.

Nikamwambia sisi nguruwe hatuli, hesabu ya nini? Jibu lake lilinitisha. Nyama ya nguruwe humpa mlaji tegu wa tumboni. Lakini mayai yanayotoka kwa mgonjwa huyo, akiwa hanawi mikono vizuri, yanaweza kuingia kwenye chakula cha mtu mwingine yeyote. Hayo yakimezwa, viluwiluwi vyake husafiri kwa damu na kujenga vifuko kwenye misuli, macho, hata ubongo. Hapo ndipo kifafa. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika habari za Mayahudi wa New York, watu wasiogusa nguruwe, waliopata vifuko hivyo kwenye ubongo. Uchunguzi ukaelekea kwa watumishi wa nyumbani waliotoka nchi zenye tegu huyo. Shirika la Afya Duniani linasema katika sehemu nyingi ulikoenea ugonjwa huu, kiasi cha asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wanatokana nao. Kwa hiyo kifafa kikimwanza mtu mzima, kabla hamjamaliza kwa waganga, mpelekeni pia hospitali.

Wangu alikuwa wa ng'ombe, na huyo hajengi vifuko mwilini mwa binadamu. Alhamdulillahi.

Dawa niliyopewa ni prazikwanteli. Nikaicheka nilipoiona: ni ileile wanayopewa watoto wetu skuli kwa ajili ya kichocho, wakipimwa urefu kwa ule ubao. Kwa kichocho, mtu wa kilo 60 humeza vidonge vinne vya miligramu 600. Kwa tegu wa ng'ombe kimoja kinatosha. Ni kichungu, na kilinipa kizunguzungu jioni nzima. Msiende kukinunua wenyewe, lakini. Mtu mwenye vifuko kwenye ubongo bila kujua anaweza kupata degedege akikimeza, kwa hiyo kama una kifafa au kichwa kinachouma muda mrefu, mwambie daktari kwanza. Na usikae chooni kutafuta kichwa cha mnyoo, maana dawa hii humvunja vipande. Rudi upimwe baada ya miezi mitatu, kwani kichwa kikibaki huota upya.

Ng'ombe naye hupata kwetu sisi. Mtu mwenye tegu akienda haja msituni, mayai yanabaki kwenye majani, ng'ombe aliyefungwa kamba chini ya minazi anayala, na nyama yake inaota vifuko vya ukubwa wa mbaazi. Mkaguzi huvitafuta kwa kukata misuli ya mashavu, ulimi na moyo. Nyama ya kuchinja uani haikaguliwi na mtu, na wakati wa Idd ya kuchinja ndiyo imejaa mitaani. Ndimu haiui kitu humo. Papai bichi linalainisha tu. Mishkaki iliyoungua nje na nyekundu ndani ni mbichi, hata ikinukia vipi. Kinachoua ni moto uliofika katikati.

Mume wangu nilimwambia mwishoni. Alinyamaza, kisha akauliza kababu za harusi ya mdogo wake zilikuwa za siku gani. Zilikuwa zimekaangwa zikaiva, nikamwapia.

Siku hizi nakata kitonge kimoja, nakikaanga peke yake kwenye kikaango kidogo, ndicho naonja. Chumvi ikipungua naongeza, nakaanga kingine. Mabaki wanagombania watoto, nao wamezoea kusimama jikoni wakiomba chumvi ipungue tena.