Bustani ya Nyumbani: Maswali Yenu Baada ya Masika

SWALI: Nyanya zangu zilistawi masika yote. Sasa zinabeba, lakini kila siku mche mmoja au miwili inalala jua likiwaka. Jioni inainuka kidogo, na baada ya siku mbili tatu inakufa kabisa, majani yakiwa bado ya kijani. Nimepiga dawa ya ukungu mara mbili bila mafanikio. (Morogoro)

JIBU: Usinunue dawa nyingine kwanza. Mche unaonyauka ghafla ungali kijani, bila madoa, mara nyingi una mnyauko bakteria, na dawa ya ukungu haiui bakteria.

Hakikisha hivi. Kata shina karibu na ardhi, chukua kipande cha urefu wa kidole, ukining'inize kwenye glasi ya maji safi, ncha ya chini ikiwa ndani ya maji. Usiitikise. Ndani ya dakika chache ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinateremka kutoka kwenye ile ncha, ndio wenyewe. Maji yakibaki safi, chimba utazame mizizi. Ikiwa na vinundu vingi, hao ni minyoo fundo, minyoo wadogo sana wanaoshambulia mizizi.

Mche ulioambukizwa hauponi. Ung'oe na mizizi yake, uukaushe na kuuchoma. Tafadhali usiutupe kwenye shimo la mboji, maana ugonjwa utarudi pamoja na mboji kwenye kitanda cha mboga. Jembe na kisu vioshwe kwa sabuni kabla ya kuhamia kitanda kingine. Maji yanayotiririka juu ya ardhi hubeba bakteria hawa, ndiyo sababu janga hili huonekana sana mvua zikishanyesha: chimba mfereji wa kuyaelekeza pembeni, na msimu ujao inua matuta.

Hapo usipande tena nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo kwa angalau miaka mitatu, kwa kuwa zote ni za ukoo mmoja. Weka mahindi au vitunguu. Ua likiwa dogo, hamia kwenye ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini: sehemu tatu za udongo wa mahali ambapo mazao hayo hayajawahi kulimwa, sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi.

SWALI: Nyanya zinaoza kitakoni, doa jeusi lililobonyea, kabla hazijaiva. Jirani anasema nizike maganda ya mayai. (Dodoma)

JIBU: Huo hauambukizi. Tunda limekosa kalsiamu, na mara nyingi kalsiamu imo ardhini ila hakuna maji ya kuifikisha kwenye tunda. Mvua zikikatika, wengi huruka siku tatu kisha hufurikisha shina. Mche unaobeba upe lita moja na nusu hadi mbili kila siku, asubuhi, zaidi kidogo kwenye kichanga. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita tano, zisiguse shina. Simamisha urea kwa sasa: inasukuma majani, nayo majani ndiyo yanayochukua kalsiamu kabla ya matunda. Maganda yasagwe yawe unga uyaweke kwa ajili ya msimu ujao. Huoza polepole mno kuokoa matunda haya. Yaliyooza yachume, mche usibebe mzigo bure.

SWALI: Mchicha wangu unatoa maua ukiwa na urefu wa shubiri. (Temeke)

JIBU: Umesongamana na una kiu. Changanya nusu kijiko cha chai cha mbegu na viganja viwili vya mchanga mkavu kwa kila mita moja ya mraba, sia kwenye mistari iliyoachana sentimita 20, fukia kidogo tu. Ukifika urefu wa kidole, punguza, ubakize nafasi ya sentimita 10. Unayong'oa ni mboga tayari. Mwagilia asubuhi na jioni, na uvune wiki ya tatu au ya nne. Kila baada ya wiki mbili sia kitanda kingine kidogo, kwa sababu mchicha ulioanza kutoa maua haurudi kuwa laini hata ukiukatia.