Wateja wa wakili hupotelea mapokezi

Wakili akiona kazi zimepungua, mawazo yake hukimbilia tovuti mpya, nembo mpya, au tangazo la kulipia mtandaoni. Fedha inatoka, simu zinalia kidogo, na baada ya miezi mitatu hali ni ileile. Tangazo humfikisha mtu mlangoni tu. Kama atakuwa mteja au hatakuwa huamuliwa na yanayompata kuanzia anapopiga simu mpaka anapoketi mbele yako, na hapo ndipo ofisi nyingi zinapovuja. Kwa hiyo, wakili mwenzangu, kabla hujalipia tangazo hata moja, kagua mapokezi yako.

Chukua daftari au jedwali la kompyuta lenye safu sita: tarehe na saa ya simu au ujumbe, jina la mtu, aina ya tatizo, alikupataje, alijibiwa saa ngapi, na mwisho wake ulikuwa nini. Lijaze kwa wiki nne, pamoja na wale ambao hukuwachukua. Litakuonyesha simu ngapi hazikupokewa, ngapi zilipokewa na mtu akaambiwa "wakili yuko mahakamani, jaribu baadaye", na wateja wanaolipa hutoka hasa wapi. Aliyeambiwa ajaribu baadaye hajaribu; anapiga kwa wakili wa pili. Tukumbuke kwamba mtu hatafuti wakili siku ambayo mambo yake ni shwari. Amepokea barua ya kufukuzwa kazi, au wito wa mahakama, au ndugu wameanza kugawana nyumba ya marehemu bila yeye kuitwa. Kumwacha bila jibu mpaka kesho kutwa ni kumwongezea hofu, na hilo peke yake lingetosha kuturekebisha hata kama hakuna fedha ndani yake.

Anayepokea simu apewe maswali matano yaliyoandikwa na kuwekwa mbele yake: jina la mpigaji, jina la upande wa pili, tatizo kwa sentensi moja, tarehe yoyote iliyo karibu (siku ya kesi, mwisho wa kujibu madai, mwisho wa kukata rufaa), na namba ya kumrudia. Asimwache mpigaji aanze kusimulia kisa kizima. Jina la upande wa pili linatangulia kwa sababu ya mgongano wa maslahi: mtu akishakumwagia siri zake, kisha ukagundua kwamba anayegombana naye ni mteja wako wa miaka mingi, unaweza kujikuta umezuiwa kumwakilisha hata huyo mteja wa zamani. Ukaguzi wa majina huchukua dakika chache iwapo orodha ya wateja na wapinzani wao ipo mahali pamoja. Ikiwa imetawanyika katika majalada ya kabatini, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya wiki hii. Baada ya hapo, jibu la wakili mwenyewe litoke siku hiyohiyo ya kazi, hata likiwa la dakika mbili.

Ukikataa kazi, kataa kwa maandishi. Mistari minne inatosha: hutaichukua kazi hii, hujampa ushauri juu yake, kuna muda wa kisheria ambao huenda unazidi kupungua, na atafute wakili mwingine mapema. Mtajie mawakili wawili wanaofanya kazi ya aina hiyo. Pasipo barua hii mtu anaweza kuamini kwamba jalada lake liko kwako, muda wa kufungua madai ukapita, kisha akakudai wewe.

Soma kanuni zako kabla ya kujitangaza

Taaluma yetu ilizuia matangazo kwa muda mrefu, na mabadiliko hayakufika kila mahali kwa kasi moja. Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1975, katika kesi ya Goldfarb dhidi ya Virginia State Bar, kwamba viwango vya chini vya ada vilivyokuwa vikisimamiwa na chama cha mawakili vilivunja sheria ya ushindani. Miaka miwili baadaye, katika kesi ya Bates dhidi ya State Bar of Arizona, mahakama hiyohiyo ilisema majimbo hayawezi kupiga marufuku matangazo yote ya kweli ya mawakili. Mawakili waliokuwa matatani katika kesi hiyo walikuwa wametangaza gazetini bei za huduma za kawaida, kama talaka isiyo na ubishi. Uingereza na Wales, sheria ya mwaka 2007 ilifungua njia kwa watu wasio mawakili kumiliki ofisi za sheria. Mwaka huohuo hisa za Slater & Gordon, ofisi ya mawakili ya Australia, ziliingia soko la hisa la nchi hiyo. Jimbo la Arizona, Marekani, nalo liliondoa katazo la umiliki wa wasio mawakili kuanzia mwaka 2021. Wakati huohuo zipo nchi ambako wakili bado anaruhusiwa kuonyesha jina, anwani na machache mengine tu.

Basi tafuta kanuni za maadili za chama chako, toleo linalotumika sasa, na utafute majibu ya mambo haya: kutaja ada hadharani, kutumia ushuhuda wa wateja, kujiita bingwa wa fani, kumwendea mtu ambaye hakukutafuta, na kumlipa anayekuletea mteja. Kuahidi ushindi ni kosa karibu kila mahali, na malipo kwa anayeleta wateja yamepigwa marufuku au kubanwa sana katika nchi nyingi. Kama kanuni haieleweki, waandikie wanaoisimamia na utunze jibu lao. Usiige ulichoona kwa mwenzako. Huenda na yeye aliiga.

Kujulikana kwa jambo moja

Mhasibu anayeulizwa na mteja wake "unamjua wakili?" hutaja jina linalomjia haraka kwa tatizo lile. Wakili wa "kesi za aina zote" hana tatizo ambalo jina lake limefungamana nalo, hivyo hatajwi, hata akiwa hodari kuliko wote. Ninalisisitiza hili kwa sababu wengi hulikwepa wakiogopa kufukuza kazi, ilhali kazi iliyo nje ya fani yako haikatazwi kukufikia; unachobadilisha ni lile unalotaka utajwe kwalo.

Fani ichaguliwe kwa hesabu. Orodhesha majalada yote yaliyofungwa ndani ya miezi 24 iliyopita. Kwa kila moja andika saa ulizotumia, ada iliyoingia kweli (si ile uliyoidai), mteja alikujaje, na kama ungependa kupata jingine la namna hiyo. Gawanya ada kwa saa. Mara nyingi kesi ndefu yenye sifa kubwa huonekana imelipa kidogo kwa saa kuliko mikataba midogo iliyofanywa kimyakimya, kwa sababu ya maahirisho, safari, na malipo ya mwisho ambayo hayakufika. Chagua fani moja, au mbili zinazokaribiana, kama ajira na mikataba ya biashara ndogo. Kisha jaribu kukamilisha sentensi hii: "Huwasaidia watu fulani wanapopatwa na jambo fulani." Ikikushinda kwa maneno ishirini, bado hujachagua.

Sasa waendee wanaoweza kukutaja. Andika majina 25 hadi 30: mawakili wa fani nyingine, wahasibu, maofisa utumishi, wathamini, maofisa wa benki, na wateja wa zamani walioridhika. Mawakili wenzako watangulie, maana wao hupata kila siku kazi wasizoweza kuzichukua, ama kwa mgongano wa maslahi ama kwa sababu si fani yao. Kila mwezi wasiliana na wanane hadi kumi, ukiwa na kitu kinachomfaa yeye, kwa mfano aya moja kuhusu sheria mpya inayowagusa wateja wake. Orodha hizi hufa pale mtu anapopiga simu akiwa na shida ya kazi tu. Jina lako likiita, mwenzako tayari anajua unataka nini. Akikuletea mtu, mshukuru siku hiyohiyo, lakini usimweleze yaliyomo katika jalada bila ruhusa ya mteja, hata kama yeye ndiye aliyemleta.

Makala zinazoleta watu

Wanasheria tukiandika huwa tunaandikiana. Kichwa kinasema "Ukomo wa muda katika madai ya ajira", wakati mwenye shida ameandika kwenye simu yake "nimefukuzwa kazi nina muda gani wa kudai". Kwa hiyo maswali yatoke kwa wateja. Kila baada ya kikao cha kwanza andika maswali mawili aliyouliza kwa maneno yake mwenyewe. Yakifika 20 unayo makala ya mwaka mzima, moja kila wiki mbili au tatu. Jibu liwe katika aya ya kwanza, halafu ndipo ueleze hali ambazo jibu hilo halizihusu, nyaraka za kukusanya, na makosa yanayoharibu madai, kama kusaini makubaliano ya kuondoka kazini kabla ya kuyasoma. Maneno 600 hadi 900 yanatosha. Weka tarehe ya kuandikwa, taja sheria ya nchi gani inazungumzwa, na useme wazi kwamba maelezo ya jumla hayachukui nafasi ya ushauri juu ya shauri la mtu.

Kila baada ya miezi sita pitia zote. Makala yenye muda wa rufaa uliokwisha kubadilishwa inaweza kumpotezea mtu haki yake, na jina lililo juu yake ni lako. Kesi inayoendelea usiiguse, hata bila majina. Mji, mwezi na kiasi cha fedha vinatosha kumtambulisha mteja. Hali ni hiyo pia mtu akikusema vibaya mtandaoni. Hamu ya kueleza upande wako ni kubwa, lakini ukitaja jambo lolote la jalada umevunja siri, na Marekani wapo mawakili walioadhibiwa kwa majibu ya namna hiyo. Andika tu kwamba wajibu wa kutunza siri hauruhusu kuzungumzia suala hilo hadharani, na kwamba ofisi iko tayari kuzungumza naye moja kwa moja.

Bei inayojulikana mapema

Mteja anaogopa saa zisizo na mwisho, na sasa anajua zipo programu zinazoandika mkataba kwa dakika. Kwa kazi zinazojirudia, mpe bei moja iliyokamilika. Tuseme kazi kumi zilizopita za aina moja zilichukua saa 6, 7, 7, 8, 8, 9, 10, 11, 13 na 21. Wastani ni saa 10, lakini ukipanga bei kwa wastani huo utapita saa zako katika kazi tatu. Panga kwa saa 11, nane kati ya kumi zitaingia. Kisha rudi kwenye ile ya saa 21 uone nini kilitokea: huenda rasimu ilirudiwa mara sita, au nyaraka zilikuwa zikiletwa vipande vipande. Hapo ndipo mpaka unapowekwa. Barua ya makubaliano iseme bei inahusu marekebisho mawili na vikao viwili, ada za serikali na za mahakama ni nje yake, na nyongeza yoyote itakubaliwa kwa maandishi kabla haijaanza. Kesi za mahakamani zipewe bei kwa hatua: barua ya madai, hati za kesi, usikilizwaji, hukumu, na rufaa peke yake. Mahali ambapo sheria imeweka kiwango cha chini cha ada, kushuka chini yake ni kosa la kimaadili hata mteja akikusihi.

Na hizo programu za akili mnemba? Kazi zinazoshuka thamani ni rasimu ya kwanza, muhtasari, na kupekua nyaraka nyingi. Juni 2023 mahakama ya shirikisho ya New York iliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilishwa maamuzi ya kesi yaliyobuniwa na ChatGPT, ambayo hawakuyahakiki. Kila kesi inayotajwa ifunguliwe na kusomwa kutoka chanzo chake. Nyaraka za mteja zisiwekwe kwenye programu ambayo masharti yake yanairuhusu kuzihifadhi au kujifunzia.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni mawakili wachanga, maana kazi zinazopotea ndizo zilizowafunza waliowatangulia. Ukiwa mmoja wao, andika rasimu yako kwanza, kisha ilinganishe na ya programu na uandike tofauti tatu na sababu zake. Omba kukaa kwenye majadiliano na simu za wateja, hata bila kuongea. Kila miezi mitatu mwonyeshe mkuu wako orodha ya ulichofanya kwa mkono wako mwenyewe: umehoji mashahidi wangapi, umesimamia majadiliano gani, mteja gani sasa anakupigia wewe moja kwa moja. Orodha hiyo ndiyo utakayoibeba siku ya kuomba kupandishwa au kuhamia kwingine.

Hatua inayosahaulika kuliko zote ni kufunga jalada. Ndani ya siku 14 baada ya kazi kuisha, mwandikie mteja barua ya ukurasa mmoja: kilichopatikana, nyaraka anazorudishiwa, jalada litatunzwa kwa muda gani, na tarehe zinazokuja, kama kumalizika kwa mkataba wa pango au kuhuishwa kwa alama ya biashara, ambako mara nyingi ni kila baada ya miaka 10. Tarehe hizo ziingie kwenye kalenda ya ofisi, miezi sita kabla, zikiwa na namba ya simu ya mteja.