Kushuka Ngazi ya Prednisoloni

Nikiwaambia watu kwamba nina vidonda vya utumbo mpana, wengi hunishauri ninywe juisi ya kabichi, kwa kuwa wanadhani nazungumzia vidonda vya tumbo. Haya ni magonjwa mawili tofauti. Huu wangu hutokana na kinga ya mwili kuushambulia ukuta wa ndani wa utumbo mpana, na unapopamba moto mgonjwa huharisha damu na kamasi mara nane au kumi kwa siku, huku usiku akiamshwa na haja isiyokuwa na subira. Nilitibiwa amiba mara tatu kabla ya kuingizwa kamera na kukatwa vipande vidogo vya utumbo kwa ajili ya vipimo. Simlaumu sana aliyenitibu, maana dalili zinafanana mno.

Dawa niliyoandikiwa ni prednisoloni, mojawapo ya steroidi, yaani dawa zinazotuliza kinga ya mwili, miligramu 40 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 5. Tangu mwaka 1955, madaktari Truelove na Witts wa Oxford walipochapisha matokeo ya majaribio yao ya kotisoni, ambayo nayo ni steroidi, steroidi zimebaki tegemeo kubwa pale ugonjwa huu unapochachamaa. Hata hivyo, kazi yake ni kuzima moto tu. Haziuzuii usiwake tena. Ulinzi huo hufanywa na dawa nyingine, kama mesalazini au azathioprini. Daktari alinieleza hayo, nami nikaitikia kwa kichwa bila kuyatia moyoni.

Wiki ya tatu damu ilikuwa imekoma. Nilikwenda harusini, nikala pilau kama mtu asiyewahi kuugua, na vidonge vilipokwisha sikuona sababu ya kununua vingine. Baada ya siku chache nilishindwa kupanda ngazi za nyumbani kwangu: kizunguzungu, kichefuchefu, viungo vyote vikiuma, na shinikizo la damu limeshuka. Hospitalini nilielezwa kwamba juu ya kila figo kuna tezi inayotengeneza homoni iitwayo kotisoli, na kwamba mwili ukipewa steroidi kutoka nje kwa wiki kadhaa, tezi hizo hujilalia. Ukiacha vidonge ghafla, haziamki mara moja. Ndiyo maana dozi hushushwa ngazi kwa ngazi. Mimi nilipangiwa kupunguza kidonge kimoja kila wiki, na ratiba hiyo niliibandika kwenye mlango wa friji ili hata mke wangu aweze kunisimamia.

Mwanzoni niligawa dozi, nusu asubuhi na nusu usiku, nikakesha kama mlinzi. Daktari alinielekeza nimeze vyote asubuhi baada ya chakula, na usingizi ukarudi kiasi. Njaa ni jambo jingine. Ilikuwa ikinijia saa nne asubuhi baada ya chai na chapati mbili, na kwa kuwa dawa hii hupandisha sukari na shinikizo la damu, nilipunguza soda na chumvi, nikaongeza mboga laini, maziwa na dagaa, kwani pia hudhoofisha mifupa. Hasira nazo zilikuwepo. Laiti ningewaonya watu wa nyumbani mapema, nisingelazimika kuomba radhi mara nyingi hivyo.

Kuhusu uso kujaa, ambako pia huletwa na dawa hii, jirani mmoja alinipongeza: "Shemeji, umependeza, maisha yamekunyookea!" Nilicheka, lakini jambo lenyewe si la kuchekesha, kwa sababu wapo wanaonunua steroidi madukani bila cheti ili wanenepe, wakameza miezi mingi pasipo kupimwa chochote.

Sisi wa nchi za joto tuna tahadhari moja ambayo haifai kupuuzwa. Kuna mnyoo mwembamba anayeingia kupitia ngozi ya miguu na kuweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Steroidi zikidhoofisha kinga, mnyoo huyo huzaana kupita kiasi hadi kuhatarisha maisha. Kwa hiyo, muulize daktari kuhusu kipimo au dawa ya mnyoo huyo kabla ya kuanza dozi, na umweleze iwapo umewahi kuugua kifua kikuu au kuishi na aliyeugua. Ukipangiwa chanjo ya homa ya manjano kwa ajili ya safari, sema kwanza unatumia dawa gani, maana chanjo hiyo ina virusi hai. Diklofenaki na ibuprofeni niliziacha kabisa: zinaweza kuuchochea ugonjwa, na zikichanganywa na steroidi huongeza hatari ya tumbo kutoka damu.

Truelove na Witts walituachia pia kipimo ambacho kimeandikwa chini ya ratiba yangu pale kwenye friji. Nikiharisha damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na mapigo ya moyo kuzidi 90 kwa dakika au joto kupita 37.8, sisubiri vidonge vifanye kazi; nakwenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa hapo steroidi hutolewa kwa mshipa. Ugonjwa uliporudi mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, daktari hakuniongezea prednisoloni peke yake. Alinianzishia azathioprini, ambayo huchukua miezi kadhaa kushika, na sasa napimwa damu mara kwa mara huku nikishuka tena ngazi. Wiki hii niko kwenye vidonge viwili.